Kashata Zilizomfunga Manju Kinywa

Sipendi kuisimulia habari hii, na kama ningekuwa na hakika kwamba hamjaisikia ningekaa nayo kimya mpaka nife, lakini najua mmeshaisikia, tena kutoka kwa watu wa upande wa pili, ambao wanaongeza chumvi na kusema kwamba nilinunuliwa kwa mbuzi ili niwaharibu wenzangu (wengine wanasema ng'ombe, na kwa kweli anayesema ng'ombe ananiheshimu zaidi), kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mimi niliyeharibu. Mimi ndiye Maduhu, yule aliyepika kashata.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka mgodini Geita, ambako nilikaa miezi minane nikibeba mawe, na wenzangu walikuwa wakirudi na baiskeli na viatu, ila mimi nilirudi na kitu kimoja tu, yaani kujua kupika kashata. Pale langoni mwa mgodi alikaa mzee mmoja kutoka Tabora aliyewauzia watu wanaoshuka shimoni. Alikaanga karanga, akaziponda kidogo kwenye kinu zisiwe unga, akachanganya na ufuta, tende na ukwaju uliotolewa kokwa, halafu akamwagia asali iliyochemka, akakandamiza yote juu ya ubao na kukata vipande virefu kama kidole. Ukila kipande kimoja asubuhi ukashuka, njaa mnakutana nayo jioni ukipanda. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye kwa sababu yeye hakuwa na maneno mengi na mimi sina kabisa, na kwa kumtazama tu nikajifunza.

Sasa, kwa wale ambao si watu wa huku kwetu, lazima nieleze mashindano yetu ya ngoma, maana bila hayo hamtaelewa kilichonipata. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa, makundi mawili hukutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kundi na duara lake, na hakuna mwamuzi wala kalamu, watazamaji wenyewe ndio wanaoamua kwa miguu yao. Anayewapendeza wanamwendea, anayewachosha wanamkimbia, na jua likizama kundi lenye watu ndilo limeshinda. Wanaoenda na kurudi ni mamia, na ukiwa katikati ya duara unawaona wakikuacha mmoja mmoja, kisha kumi kumi, na huwezi kufanya kitu ila kuendelea kucheza kana kwamba hujaona.

Wa kuwavuta watu hao ni manju, mtunzi na mwimbaji wa kundi. Manju wetu alikuwa Lugwisha, mtu mzima mwenye mvi, ambaye nyimbo zake watu waliziimba wakilima mpaka Kahama huko, lakini miaka miwili mfululizo watu walikuwa wamemkimbia, na wazee wa kundi walikuwa wamemwambia wazi kwamba akikimbiwa mara ya tatu ngoma atapewa mpwa wake, kijana anayeimba kwa puani. Lugwisha hakuwa na kitu kingine. Ng'ombe wake walikwisha kwa ukame, watoto wake walikuwa wametawanyika, alikuwa na sauti tu.

Kwenye kikao cha kujiandaa, fundi wetu wa dawa, Mzee Nkwabi, alitoa masharti yake. La kwanza, siku ya mashindano kila mtu atakula kutoka mkono mmoja tu, mkono wa mtu atakayechaguliwa, ili wapinzani wasipate mwanya wa kuingiza chochote. La pili, hakuna kunywa maji katika kijiji kile cha ugenini mpaka jua lielemee magharibi, kwa sababu maji ya watu hujui yamesemewa nini, na kitu cha kwanza yanachochukua ni sauti. Watu wakaitika. Ndipo wakaanza kujiuliza ni chakula gani kitambeba mtu tangu alfajiri mpaka alasiri bila maji. Ugali unalaza, michembe ya viazi vikavu bila maji inakaba koo, nyama choma inaleta kiu.

Mimi sijawahi kusema kikaoni (hata shuleni mwalimu aliniuliza jibu ninalolijua nikasema silijui, ili nikae chini upesi), lakini siku ile, sijui nini kiliniingia, nikasema, "Kuna kashata za mgodini."

Shija, mpiga ngoma wetu mkubwa, rafiki yangu tangu tukichunga pamoja, akageuka akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Jamani, huyu anaongea," akasema. "Mimi nilidhani mama yake anamtafsiria."

Wakacheka, ila Manju Lugwisha hakucheka. Aliniuliza kashata hizo zikoje, nikaeleza kwa maneno machache, na kila nilipokwama alisubiri. Mwisho akasema, "Basi mkono utakuwa wa Maduhu. Mtu asiyesema hata njaa yake hatatoboa siri yetu."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimepewa utemi.

Karanga zilikuwepo, ufuta ulikuwepo, ukwaju nilichuma mwenyewe, tende mama aliniletea kutoka duka la Mwarabu. Ikabaki asali. Siku mbili kabla ya mashindano akapita muuza asali, Msumbwa anayekuja kwa baiskeli kutoka pande za Masumbwe na madebe yake mawili nyuma, akasimama njia panda, wanawake wakamzunguka. Zamu yangu ilipofika akaniuliza, "Nikupimie kibuyu kimoja au viwili, kijana?" Nyuma yangu wanawake wanangoja, mmoja ananihemea shingoni, nami nikataka tu kuondoka pale, nikasema kimoja kinatosha.

Hakikutosha. Nilipofika nyumbani na kuipima asali mbele ya lundo la karanga nikaona ni nusu ya inayotakiwa. Nikarudi njia panda. Msumbwa bado yupo, wanawake bado wapo, wanacheka naye. Akaniona, akasema, "Vipi kijana, umesahau kitu?"

Nikasema, "Hapana, napita tu."

Na kwa kuwa nilikuwa nimesema napita, ilibidi nipite kweli. Nikaenda mbele kama mtu mwenye safari, nikazunguka kwenye shamba la pamba la watu, nikatokea nyuma ya boma letu nimejaa miba, asali ni ileile ya kibuyu kimoja. Hapo ndipo mkasa wangu ulipozaliwa, si uwanjani kama watu wanavyodhani.

Nyuma ya boma kuna migunga. Nyote mliochunga mnaujua utomvu wake, yale matone ya njano yanayoganda kwenye gome, tunayotia mdomoni tukiwa porini. Nikawaza, huu nao ni mtamu kidogo, nao unanata, kazi ya asali kwenye kashata si kunatisha? (Sikuwaza kwamba porini unaunyonya polepole kwa mate, huna haraka, na hakuna mtu anayekusubiri uimbe.) Nikabandua utomvu mpaka ukajaa bakuli, nikauyeyusha motoni kwa maji kidogo, nikauchanganya na asali, nikamwagia karanga na tende na ukwaju, nikakandamiza juu ya ubao uliopakwa samli, na kabla jua halijazama nilikuwa nimekata vipande vinavyolingana, vyekundu vya kung'aa kama ngozi ya mtamba aliyenenepa. Mama alipita akasema, "Maduhu, umeweza." Sikumwambia habari ya utomvu. Sikumwambia mtu yeyote.

Alfajiri ya siku yenyewe kulikuwa na baridi. Nikachukua kipande, nikakivunja, kikalia kwa mlio mkavu kabisa, nikaonja chembe, ikaenda vizuri. Nikajaza mfuko wa ngozi, nikaubeba mgongoni, tukaondoka.

Tulitembea mpaka jua likapanda, na lile jua lote lilikuwa likiupiga ule mfuko.

Uwanjani tulikuta wapinzani wamekwisha fika. Kundi lao lilijaa vijana wa mgodini waliorudi kwa msimu, na mmoja wao alivaa kofia ya bati ya wachimbaji yenye taa mbele, mwingine alikuwa na baiskeli anayoweza kuiendesha akiwa amegeukia nyuma. Watazamaji walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Manju Lugwisha alitazama ile baiskeli kwa muda mrefu, halafu akasema, "Baiskeli haiimbi," akaniita nigawe chakula.

Nilipoingiza mkono mfukoni nilijua. Kashata hazikuwa vipande tena, zilikuwa zimelainika na kushikana, na nilipoivuta ya kwanza ilitoka na uzi mrefu uliotoka mfukoni mpaka kwenye vidole vyangu ukining'inia kama wa buibui. Pale ningesema. Ningesema tu, "Manju, ngoja, hizi zimeharibika," wangekaa na njaa, na njaa haijamnyima Msukuma kucheza. Lakini wote walikuwa wamenyoosha mikono, fundi wa dawa ananitazama, watu wa upande wa pili nao wanatazama, nami nikagawa. Kila mtu viwili. Manju nilimpa vitatu, kwa heshima.

"Tamu," akasema Shija, halafu hakusema tena kitu.

Kwa desturi yetu ngoma zinaanza kwanza, zinapamba moto, kisha zinakatwa ghafla, na katika ule ukimya manju anatoa mstari wake wa kwanza peke yake, ili hata aliye mbali asikie neno, kisha kundi zima linaurudia kama ulivyo. Ngoma zikaanza. Hapo hapo nikasikia kitu si sawa, maana Shija alikuwa ameshika kashata kwa mikono miwili na viganja vyake sasa vilikuwa vinabaki juu ya ngozi ya ngoma kila anapopiga, na badala ya kulia ngoma ikawa inasema pwa, pwa, kama mtu anayekanyaga tope. Alinitazama kwa macho makubwa huku anapiga. Halafu ngoma zikakatwa.

Manju Lugwisha akasimama katikati, akainua usinga. Uwanja ukanyamaza. Hata upande wa pili walikuwa bado wanajipanga, kwa hiyo watu wote, nasema wote, walikuwa wanamtazama yeye. Nikaona taya lake likifanya kazi, likisukuma kushoto, likisukuma kulia, mishipa ya shingo imesimama, na meno hayaachani. Kikatoka kitu kama sauti ya ndama kwenye zizi.

"Mmmmm."

Na kundi, kwa sababu ni kundi lenye nidhamu, na kwa sababu nao vinywa vyao vilikuwa hivyo hivyo, likaitika, "Mmmmm."

Jambo la ajabu ni kwamba watu walivutika. Walidhani ni mtindo mpya. Nikawaona wakitoka upande wa baiskeli wakija kwetu, wengi, wakibanana, mama mmoja akasema, "Huyu mzee ana mambo," na mimi nikafumba macho nikasema moyoni, Mungu, wafanye waendelee kudhani hivyo mpaka jioni. Manju akajaribu tena. "Mmmmm." Kundi likaitika. Mara ya tatu mmoja wa wachezaji akaingiza kidole mdomoni kujikwanyua, kidole nacho kikatoka na uzi, na yule mama akainama akamchungulia usoni kama anayemchungulia mgonjwa.

"Hawa wamekula ulimbo," akatangaza.

Basi. Kicheko kilianza pale alipokuwa na kikazunguka duara lote mpaka kikarudi kwake. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Manju, tukuletee mwiko?" Mwingine akasema, "Muacheni, anatunga." Na upande wa pili, wakiona nafasi, wakapiga ngoma zao kwa nguvu, yule wa baiskeli akaanza kuzunguka akiwa amegeukia nyuma, na watu wetu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja kwanza, kisha kumi kumi, kama nilivyowaambia.

Mimi nilijua dawa yake. Utomvu wa mgunga unayeyuka kwa maji, hata mtoto anayechunga anajua, mafunda mawili matatu na kinywa kingefunguka. Hatua kumi kutoka nilipokuwa palikaa mwanamke na mtungi wa maji. Nikamwendea Mzee Nkwabi, aliyekuwa amekaa na pembe lake la dawa mapajani, nikamnong'oneza, "Shikamoo babu. Wakinywa maji kidogo…"

"Marahaba. Jua liko wapi?"

"Juu, babu."

"Basi umeshajijibu."

Nikarudi mahali pangu. Manju alikuwa bado amesimama katikati, anacheza sasa bila wimbo, miguu ileile ya zamani, na kila akigeuka alikuwa ananitazama, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Watu waliobaki wangeweza kukaa kivulini mwa mti mmoja mdogo. Nami ambaye sikuweza kumwomba Msumbwa kibuyu cha pili cha asali, nikamnyang'anya yule mwanamke kata yake bila kuomba, nikachota maji ikajaa, nikakimbia nayo mbele ya macho ya watu wote mpaka katikati ya duara nikampa Manju mkononi.

Akamtazama Mzee Nkwabi. Akawatazama watu mgongoni wakienda zao. Akanywa.

Alisukutua, akatema, akanywa tena, na baada ya muda kinywa kilifunguka, naye akaimba. Sitausahau wimbo ule. Aliimba juu ya mtu aliyeenda kuchimba dhahabu akamwacha baba yake na shamba lisilolimwa, na anaporudi baba hamjui, anamkaribisha kama mgeni, anamuuliza ametoka kwa nani. Sauti ilitoka safi kuliko miaka yote. Waliousikia walikuwa watoto watano, mzee mmoja asiyeona vizuri ambaye hakujua watu wamehama, na sisi, ambao hatukuweza kumwitikia kwa kuwa vinywa vyetu vilikuwa bado vimefungwa, yaani vyao. Changu hakikuwa na kitu. Sikuwa nimekula kashata hata moja, nilikuwa na wasiwasi mno.

Jua lilipozama tulifunga ngoma zetu tukarudi. Njiani Shija alisimama mara moja akaukwaruza utomvu kiganjani kwa kisu, akasema, "Maduhu, siku nyingine ukipata neno kikaoni, limeze," na hata yeye hakucheka.

Nilifikiri mimi ndiye nitakayefukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na mkiniuliza nilikuwa nalitaka. Lakini wazee walipokutana baada ya siku tatu mambo yalikwenda kwingine kabisa. Walisema kashata ni kosa la kijana, na kijana hukosea. Maji ni kosa la mtu mzima. Mzee Nkwabi alisimama akaeleza kwamba dawa yake ilikuwa inafanya kazi (si watu walikuwa wamejaa mwanzoni?) na kile kifungo cha vinywa kilikuwa ni mchezo wa wapinzani ambao ungeachia wenyewe jua likielemea, ila Manju alikosa subira, akanywa maji ya ugenini mbele ya kundi lake, akavunja sharti, na watu wakapotea. Kila mtu akatikisa kichwa. Nikaona kwamba nilipokimbia na ile kata nilidhani namwokoa, kumbe nilikuwa nampelekea kosa lake mwenyewe mkononi, maana angekaa bila kunywa wangenilaumu mimi peke yangu.

Wakamuuliza Lugwisha kama ana la kusema. Akasema hana.

Wakauliza kama kuna mtu mwingine. Ilinibidi nisimame niseme maneno machache tu, kwamba hakukuwa na mchezo wa mtu, ulikuwa utomvu wa mgunga, nilioutia mimi kwa sababu asali haikutosha, na haikutosha kwa sababu niliona aibu mbele ya wanawake njia panda. Nilisimama. Wakanigeukia wote. Kinywa changu kikafungwa, meno kwa meno, na niliweza kusikia pumzi ikipita puani mwangu, mmmm, kama yeye. Nikakaa.

Ngoma akapewa mpwa.

Ulipita mwezi mzima kabla sijamwendea Lugwisha shambani kwake. Alikuwa anang'oa mashina ya pamba peke yake. Nikamwamkia, akaitika vizuri kama siku zote, nikamwambia yote, utomvu, Msumbwa, mfuko ulivyopigwa na jua. Hakuacha kung'oa. Nilipomaliza akanyoosha mgongo.

"Sasa unaniambia mimi ya nini?" akasema. "Mimi najua sikulogwa. Kawaambie wao."

Nikasema nitawaambia. Nilikuwa na nia kweli. Lakini wakati huo nusu yao walikuwa wameshapanda lori kwenda Geita, wengine wako Kahama, na waliobaki kila nikiwakuta wanaimba nyimbo za yule mpwa kwa puani, na mimi nasema napita tu.

Nimeapa sitampikia tena mtu ambaye wengine wanamsubiri afungue kinywa, awe manju, awe padri, awe bwana harusi, na kiapo hicho nimekishika, ingawa ni rahisi kukishika kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniomba tena. Lakini lile jingine bado. Kwa hiyo nyinyi mnaokwenda huko migodini, mkikutana na watu wa kundi letu, waambieni kwamba Lugwisha hakuvunja kitu, kwamba yale maji nilimpa mimi na ule utomvu niliutia mimi. Waambieni yote, na jina langu mlitaje. Ila tafadhali, msiwaambie nikiwa nimesimama hapo.